Bango Litulipie Kibanda cha Steji, Lakini Kandarasi Tuione Kwanza

Mvua ya Nairobi inajua kusoma saa. Inakaa huko juu kutwa nzima ikikuangalia, kisha saa kumi na moja na nusu jioni, ukiwa umeshatoka kazini na uko steji, ndipo inamwagika. Unatafuta pa kujificha. Kuna mti mmoja, kuna paa la kibanda cha M-Pesa, na kuna mwavuli wa mama anayeuza mahindi choma. Mnajibana kumi na watano mahali pa watu watatu. Mathree inafika, makanga ananing'inia mlangoni, anawaangalia mlivyolowa, halafu anaimba: "Beba soo! Soo!" Asubuhi njia hiyo hiyo ulilipa hamsini. Utafanya nini? Unapanda.

Nataka ukumbuke hiyo picha, maana ukiisahau utaona haya ninayosema ni mambo ya watu wa ofisi.

Kuna wazo ambalo hurudi kila wakati kaunti inapolia haina pesa. Turuhusu kampuni za matangazo ziweke mabango kwenye vibanda vya steji, na hela itakayotoka hapo isaidie usafiri wa umma. Kwenye mitandao watu hugawanyika mara mbili. Wengine wanasema jiji limeshajaa mabango, tumechoka kuuziwa sabuni kila tukiinua macho. Wengine wanasema pesa ni pesa, weka bango hata kwenye paji la uso wa diwani.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema. Bango liwekwe. Lakini ujue linaweza kulipa nini. Linaweza kulipa paa, taa, benchi na mtu wa kufagia. Kuendesha mabasi, hapana. Atakayekuja kwako na hadithi ya mabasi mapya yatakayolipiwa na matangazo ya steji anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mfumo wenyewe una umri kuliko wazazi wetu wengi. Mwaka 1964, katika mji wa Lyon, Ufaransa, jamaa mmoja aitwaye Jean-Claude Decaux alienda kwa wakuu wa jiji na pendekezo la ajabu: nitawajengea vibanda vya basi, nitavisafisha, nitavikarabati, na hamtanilipa hata senti. Niachieni tu ubavu wa kibanda niweke tangazo. Wakakubali. Leo kampuni yake, JCDecaux, iko kwenye miji chungu nzima duniani, Afrika ikiwemo.

Ujanja wa Decaux haukuwa kwenye chuma na kioo. Alielewa jambo ambalo serikali zetu hazijawahi kulielewa: kujenga ni rahisi, kutunza ndiyo kazi. Wewe umeona vibanda tulivyojengewa na pesa za umma. Siku ya uzinduzi kuna utepe na mheshimiwa na kamera. Mwaka mmoja baadaye benchi limeng'olewa likauzwa kwa wa vyuma chakavu, mabati yametoboka, na taa ilizimika siku mheshimiwa alipopanda gari lake. Hakuna anayepoteza mshahara kwa sababu taa ya steji yako imezimika. Mwenye tangazo anapoteza. Bango lisipowaka usiku, mteja wake hataki kulipa. Kwa hivyo atatuma fundi. Si kwamba anakupenda. Anapenda bango lake, na wewe umesimama karibu nalo.

Hata São Paulo, Brazil, mji uliopitisha sheria mwaka 2006 ya kung'oa mabango yote barabarani, ulikuja kurudisha matangazo baadaye. Ulirudisha kidogo tu: kwenye vibanda vya basi na kwenye saa za barabarani. Watu waliochukia mabango kiasi cha kuyafuta mji mzima walikubali kwamba bango likikulipia kivuli, angalau limefanya kazi.

Sasa hapo ndipo wengi humalizia hadithi. Mimi hapo ndipo naanza kuogopa.

Simama steji yoyote yenye bango uangalie limeelekea wapi. Limeelekea barabarani. Wewe unayengoja gari umelipa mgongo. Anayewindwa na lile tangazo ni mtu aliye ndani ya gari lake, dirisha limefungwa, amekwama kwenye jam dakika arobaini na hana la kufanya ila kusoma. Yeye ndiye bidhaa. Kwa hivyo ukimwachia mwenye mabango achague mahali pa kujenga, hatauliza watu wangapi wanangoja. Atauliza magari mangapi yanapita, na ya bei gani. Utaona vibanda vya kioo Waiyaki Way na Ngong Road, na kule Mukuru kwa Njenga, au ndani ya Kayole ambako foleni ya alfajiri inazunguka kona, utaona hewa.

Los Angeles, Marekani, walipitia haya. Mwaka 2001 jiji lilitia saini mkataba wa miaka 20 wa vibanda vinavyolipiwa na matangazo. Ahadi zilikuwa tamu. Lakini kila kibanda kilihitaji kupitishwa na ofisi moja baada ya nyingine, diwani wa eneo akiwa na nafasi ya kukizuia, na mkataba ukaisha vibanda vikiwa vichache mno kuliko vilivyoahidiwa. Mji ule una vituo vya basi karibu 8,000, na vyenye paa havikufika 2,000. Lile ni jiji la jua kali, na wanaopanda basi kule wengi ni watu wa kipato cha chini. Mwaka 2022 wakabadilisha mpango: vibanda viwe mali ya jiji, jiji liweke mtaji wake, kampuni ibaki na kazi ya kuendesha na kuuza matangazo. Iliwachukua miaka ishirini kujua kwamba cha bure kina mwenyewe.

Usidhani haya ni ya ng'ambo tu. Sisi tulishajaribu hapa, wengine wetu tukiwa chekechea. Mwaka 2002 Esther Passaris, huyu ambaye sasa ni Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, alianzisha Adopt-A-Light. Fikra ilikuwa ile ile ya Lyon, ila badala ya kibanda ni nguzo ya taa: kampuni inaweka tangazo lake kwenye nguzo, taa inawaka. Barabara kubwa zilizokuwa giza zikapata mwanga. Na kuna kitu kimoja walifanya ambacho mimi nakiheshimu hadi leo, pesa za barabara kubwa zilisaidia kusimamisha zile taa ndefu kwenye mitaa ya mabanda, ambako hakuna mwenye gari wa kutangaziwa chochote. Wewe unazijua kwa jina lake halisi: mulika mwizi.

Halafu? Halafu kampuni na Baraza la Jiji wakazozana juu ya kandarasi, wakapelekana kortini, na mpango ukafifia. Nani alikuwa na haki, sitaingilia. Ninachotaka uone ni kwamba mwanga wa mtaa mzima ulikuwa unaning'inia kwenye karatasi ambayo mama wa kawaida wa Korogocho hakuwahi kuisoma wala kuulizwa.

Turudi kwenye hela. Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi mbili ambazo ukiziweka pamoja zinakaa kama chapati na maharagwe: kudhibiti matangazo ya nje, na usafiri wa umma wa barabarani. Yaani anayetoza bango na anayepaswa kukujengea steji ni mtu mmoja. Mbona basi pesa za bango hazifiki steji? Kwa sababu ya Kifungu cha 207. Kila shilingi inayokusanywa na kaunti inaingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, chungu kimoja. Ada ya bango inaingia humo, pesa ya kuegesha gari inaingia humo, leseni ya kinyozi wako inaingia humo. Kisha kila mtu anachota: mishahara, madeni ya wakandarasi, safari za madiwani. Ukifika na kikombe chako kuuliza pesa za steji, unaambiwa bajeti ni finyu.

Dawa ipo na si ya miujiza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha hazina maalum, mradi bunge la kaunti liidhinishe. Hazina ya vituo vya usafiri, ina akaunti yake, ina kanuni zake, na ripoti yake inakaguliwa na Mkaguzi Mkuu. Bila hiyo, neno "kusaidia usafiri wa umma" kwenye pendekezo lolote ni pambo.

Na tukisema usafiri wa umma, umma gani? Hapa kwetu magari si ya umma. Kenya Bus Service ilianza 1934, na kwa miaka mingi Baraza la Jiji lilikuwa na hisa ndani yake. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akazipa matatu ruhusa ya kubeba abiria, na taratibu zikachukua barabara yote. Nyayo Bus ya miaka ya themanini ilikufa. BRT ya Thika Road imekuwa ikisuasua kwa miaka, abiria wanaiona kwa dirisha la mathree. Kwa hivyo hata tukikusanya pesa ya mabango, hakuna basi la jiji la kuwekea mafuta, na ukimpa mwenye nganya ruzuku hatakushushia nauli, atabadilisha spika. Hata London, ambako TfL inauza matangazo mpaka ukutani kando ya ngazi za treni za chini kwa chini, pesa kubwa bado inatoka kwa nauli. Matangazo ni chumvi tu kwenye sufuria.

Ndiyo maana nashikilia paa. Na najua swali lako: paa litapunguza nauli?

Halitapunguza. Ila mtu aliyelowa hana nguvu ya kukataa bei. Aliye pakavu, ameketi, ana taa, anaweza kuiacha gari ya soo ipite na kungoja ya sabini. Tukiwa wengi tunaongoja, makanga anaona na yeye anateremka. Mvua ikipiga watu ndipo bei inapanda. Mvua ikipiga mabati, angalau tuna la kusema.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sababu zilikuwa kadhaa na zingine ni zangu mwenyewe, ila nauli ilikuwa ndani. Bajeti yangu ilikuwa mia moja kwa siku, kwenda na kurudi. Mwezi wa nne ukiingia na mvua zake, jioni moja inameza hamsini ya kesho asubuhi. Ukikosa darasa la Alhamisi kwa sababu ya mvua ya Jumatano, hakuna fomu ya kujaza ambayo ina nafasi ya kuandika "makanga". Sisemi kibanda cha mabati kingenipa digrii. Nasema kuna watu wanahesabu shilingi hizo leo jioni, na pengine wewe ni mmoja wao.

Kuna suala la nani atatangaza. Tusijidanganye, bila masharti wa kwanza kwenye foleni watakuwa watu wa kamari. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa sababu mambo yalikuwa yamezidi. Sasa fikiria kijana ametoka mjengo na mia tano mfukoni, amesimama steji dakika ishirini, na ubavuni mwake kuna bango linalong'aa likimwambia mia tano inaweza kuwa milioni. Huo ni mtego, na tutakuwa tumeulipia kodi ya ardhi yetu. London mwaka 2019 TfL ilikataza matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye mtandao wake, na mabango yao hayakubaki matupu. Wauza simu, benki, shule, unga, wapo tele. Kandarasi inaweza kusema kamari hapana na pombe hapana, na bado kampuni ikala.

Kidogo tu kuhusu kibanda chenyewe, maana mimi ni mtu wa steji na haya yananiuma. Bango likae upande ambao gari linaelekea, lisikae upande gari linakotokea. Likikaa vibaya, huoni mathree inayokuja, na usiku linakuwa ukuta wa mwizi kujificha. Dada yangu hushuka saa tatu usiku. Anataka mwanga, hataki pazia. Na yule mama wa mahindi? Nina hakika siku kioo kikifika, kanjo watafika pia kumfukuza ili steji "ipendeze". Yeye ndiye aliyetupa mwavuli miaka yote hiyo. Kibanda kikimkosea nafasi yeye, mimi sikitaki.

Halafu kuna wenye barabara. Steji nyingi kubwa haziko kwenye ardhi ya kaunti. Thika Road iko chini ya KeNHA, barabara nyingine nyingi za mjini ziko chini ya KURA, na hizi ofisi za kitaifa huvutana na kaunti kuhusu nani atoze bango lililo kando ya lami. Wakivutana, wewe unalowa. Mkataba wowote ambao pande hizo hazijaketi meza moja kabla ya kutia saini utaishia pale pale ilipoishia hadithi ya taa.

Kama ningekuwa na dakika tano na gavana au na diwani wako, ningemwomba jambo hili kabla ya yote: kwa kila kibanda chenye bango kwenye barabara ya wenye magari, kampuni ijenge na kutunza kingine mtaani, kisicho na bango, mahali pa kuchaguliwa kwa kuhesabu vichwa vya wanaongoja. Iandikwe kwenye kandarasi, na faini iandikwe. Vibanda vibaki mali ya jiji. Mkataba usiwe wa miaka ishirini. Miaka saba, minane, tuangalie tabia. Na uchapishwe wote, kurasa zote, si muhtasari wa twiti moja.

Utasema nani atasoma. Wewe! Mwaka 2024 tuliambiwa vijana hawasomi, tukausoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri mpaka kwa lugha za nyumbani, tukaeleza wazazi wetu. Kandarasi ya bango ni fupi kuliko ule mswada. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandikia ofisi yoyote ya umma na kuomba stakabadhi, na wana siku 21 kukujibu. Wasipojibu unaenda kwa Ombudsman. Huhitaji wakili, huhitaji digrii, na hilo nalijua vizuri.

Swali la kuandika ni rahisi. Nenda steji yako, angalia bango lililo karibu zaidi, liwe kwenye kibanda, kwenye nguzo au kwenye daraja la kuvukia barabara. Andika mahali lilipo. Uliza ni nani ameliruhusu, analipa kiasi gani kwa mwaka, pesa inaingia akaunti gani, na kandarasi inamdai afanye nini kwa wanaotembea chini yake. Daraja ninalovuka mimi kila usiku lina bango kubwa linalowaka kama Krismasi upande wa magari. Ngazi zake ni giza totoro, tunapanda tukimulika na simu.

Barua yangu naipeleka Jumatatu. Jana jioni nilijaribu pia kuhesabu watu kwenye steji yetu, nianze na hicho kielelezo. Nilifika hamsini na kitu, mvua ikaanza, wote wakatawanyika kutafuta paa, hesabu ikapotea.